Mti halisi wa Krismasi ulipukutika mapema, nilikosea wapi?

MamaWawili
Wadau habari zenu, naombeni msaada. Mwaka jana tuliweka mti halisi kwa mara ya kwanza, wa plastiki watoto walishauchoka wakawa wanataka ile harufu. Siku za mwanzo ulipendeza mno lakini baada ya kama siku nane hivi majani yakaanza kudondoka, ukigusa tawi yanamwagika, na sikukuu yenyewe bado. Na maji nilikuwa naweka, tena nilitia na sukari maana niliambiwa inasaidia. Mwaka huu nataka nijaribu tena, niangalie nini wakati wa kuchagua na nikiufikisha nyumbani nifanyeje? Na kwenye kupamba vinaanza taa au mapambo?

msumeno_mkali
Pole dada. Kabla hujauweka kwenye stendi ulikata shina upya?

MamaWawili
Hapana, si ulikuwa umeshakatwa na muuzaji? Niliusimamisha vilevile.

msumeno_mkali
Basi hapo ndo tatizo lilipoanzia. Mti ukikatwa unatoa utomvu, na ule utomvu ndani ya masaa machache tu unaziba pale kwenye kidonda, kwa hiyo hata uumwagie ndoo nzima haunywi kitu. Ukifika nyumbani chukua msumeno ukate kipande cha sentimita 2 au 3 chini ya shina, kata kwa kukatiza shina moja kwa moja, usikate mshazari, halafu uingize kwenye maji hapohapo. Kama hupambi siku hiyo uache kwenye ndoo ya maji kivulini. Na usichonge gome pembeni ili shina liingie kwenye stendi, watu wengi wanafanya hivyo na wanaumaliza mti wao wenyewe, maana maji yanapita kwenye tabaka za nje za mbao zilizo chini tu ya gome, katikati hapapiti kitu.

Maji: hesabu kama lita moja kwa siku kwa kila sentimita 2.5 za unene wa shina, yaani shina la sentimita 10 linataka stendi ya kubeba kama lita 4. Siku ya kwanza unakunywa sana, angalia asubuhi na jioni, ukiacha maji yakashuka chini ya pale ulipokata panaziba tena na unarudi kulekule. Maji ya bomba yanatosha kabisa, sukari achana nayo, aspirini pia. Usiuweke karibu na hita au dirisha lenye jua kali.

Kijani Kibichi
Naongezea kwenye kuchagua. Shika tawi ulivute taratibu kupitia kiganjani, mti ulio freshi majani yanabaki tawini. Halafu unyanyue kidogo uugonge chini kwa shina, yakidondoka machache makavu ya ndani ni kawaida, ila yakidondoka ya kijani ya nje uache hapohapo hata kama una umbo zuri kiasi gani. Aina nayo ina maana sana, Nordmann inashikilia majani muda mrefu, Norway spruce inanukia vizuri lakini inapukutika mapema. Na pima dari kabla hujatoka, stendi na nyota vinakula nafasi, mti uwe mfupi kuliko dari kwa sentimita 30 hivi.

Bibi wa Mapambo
Mwanangu, taa kwanza. Ziwashe kabla hujazipandisha uone kama zote zinafanya kazi, kisha anzia ndani karibu na shina ukitoka nje, ndo mti unaonekana na kina, ukizungushia nje tu unakuwa bapa. Chukua za LED, hazipati joto sana kwa hiyo haziukaushi mti. Mapambo mazito yaweke ndani tawi lilipo nene, mepesi nchani, ya kioo yapande juu wasikofika watoto. Kama una paka zile nyuzi za kung'aa usizitumie kabisa, wakizimeza zinawakata utumbo, mimi yangu ilikaribia kufa nikaacha tangu siku hiyo. Usiku mkienda kulala zima taa zote. Na siku majani yakikauka yakawa yanakatika ukiyagusa, utoe mti nje hata kama sikukuu haijaisha, mti mkavu unashika moto haraka sana.

MamaWawili
Asanteni sana jamani, Bibi shikamoo na asante. Nimetoka kupima stendi yangu sasa hivi, inabeba lita moja na nusu tu, ndo maana kila nikiamka nilikuta pakavu. Natafuta kubwa kwanza kabla ya mti.