Tupeane uzoefu: ndege za upande wetu kwenye DCS, vipi zikufae?

Mwana wa Kibokoni
Salaam wanangu. Swali ni lile lile kila wiki: mbona kwenye DCS, mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege za vita, ndege za kompyuta za upande wetu zajipeleka kufa na hazisaidii? Tuyaweke hapa pamoja. Hadithi za nani kaangusha ngapi zibaki barazani. Hapa twataka kitufe, masafa, kimo na sababu.

Naanza na redio. Menyu hufunguka kwa kitufe cha \ . JTAC (askari wa ardhini anayeelekeza ndege kwenye shabaha) yuko F4, mnara wa uwanja F5, ndege ya mafuta F6, AWACS (ndege ya rada inayotazama anga) F7, mafundi wa chini F8. Hayo ni ukiwa umewasha mawasiliano mepesi, yaani mchezo wakuchagulia redio na masafa. Ukiyazima, lazima uchague redio, uweke masafa, kisha ubonyeze kitufe cha redio hiyo hiyo. Ndege ya A-10C ina redio tatu, kila moja na bendi yake. JTAC akiwa FM nawe wamwita kwa UHF, utaita mpaka koo likauke. Na menyu ipe kitufe kwenye joistiki. Hutaki kupapasa kibodi ukiwa umeinamisha pua.

Likoni Kivukoni
Mwenza wa ubavuni, ile ndege ya kompyuta inayoruka nawe, humaliza mafuta mapema kwa sababu yuwakukimbiza. Ukisukuma throtoli hadi mwisho hana nguvu iliyobaki ya kukufikia, basi awasha moto wa nyuma wa injini. Kaa asilimia 85 hadi 90 ya mizunguko, kona usilale zaidi ya nyuzi 30, na kabla ya kona kubwa mwite asogee.

Amri ya "shambulia shabaha yangu" yataka uwe umeifunga shabaha kwanza. Ukitoa amri ya jumla ya kushambulia magari, ataanza na alichokiona yeye, pengine lori la mizigo ilhali Shilka, gari la mizinga ya kutungulia ndege, iko hai. Kwa hivyo kwanza mtume kwenye silaha za kutungulia ndege, halafu vifaru. Akisema hawezi, mara nyingi hajaiona shabaha au hana silaha ya kazi hiyo. Mgeuze pua kule iliko, sogea, rudia amri. Akishatupa, mwite arudi, la sivyo atashuka kupiga mizinga, na hapo ndipo Igla, kombora la begani, humla.

Igla hufika kama mita 3,500 juu. Kaeni futi 15,000 kutoka *ardhini*, si kutoka baharini. Sisi watu wa pwani twasahau hili. Kwenye milima ya Caucasus ardhi yenyewe yaweza kuwa futi 6,000.

Mzee wa Tudor
JTAC ndiye msaada ulio bora na ndiye anayekosewa zaidi. Jiandikishe kwake ukiwa mbali, maili 15 hadi 20, ndege iko sawa, kalamu mkononi. Atasoma mistari tisa. Usihangaike kuandika yote. Mitatu ya mwanzo mara nyingi huwa mitupu. Andika wa nne, kimo cha shabaha. Wa tano, ni kitu gani. Wa sita, gridi, yaani namba za mahali kwenye ramani. Wa saba, alama ya kukuonyesha shabaha, leza au moshi. Na wa nane, wenzetu wako upande gani na umbali gani. Huo wa nane ndio unaoamua uingie kutoka wapi: pita sambamba na mstari wa wenzetu, usipite juu yao, maana bomu likizidi au likipungua huangukia kwenye njia yako ya kuruka.

Ukishamrudishia kimo na gridi, bado huna ruhusa. Mwambie kwamba waingia, kisha msubiri akuruhusu. Alama ikiwa leza, msimbo wa kawaida ni 1688, na bomu lenyewe lazima liwe na msimbo huo huo. Kwenye baadhi ya ndege msimbo wa bomu hubadilishwa ardhini tu, kwa hivyo angalia kabla hujaruka. Alama ikiwa moshi, usipige moshi! JTAC hukwambia shabaha iko upande gani wa moshi na mita ngapi.

Bamburi Juu
Naongeza: ukimkawiza, moshi huzimika. Mie nachagua leza kila mara.

Mzee wa Tudor
Ami, leza yataka JTAC aone shabaha wakati wote. Gari likijificha nyuma ya nyumba, bomu halina cha kufuata. Mjini moshi hunishinda mara chache kuliko leza.

Changamwe Relini
Kwa wanaotengeneza misheni: ndege za kuzima rada zitangulie dakika 2 mbele ya wapiga mabomu. Kwa nauti 420 (maili za bahari kwa saa) hiyo ni maili 14. Kombora la AGM-88 hufuata rada inayowaka. Kub, mtambo wa makombora ya kutungulia ndege, ina rada moja kwa betri nzima, ukiivunja vyote vyapofuka. Buk, mtambo mwingine wa aina hiyo, siyo hivyo. Kila gari la kurushia lina rada yake, kwa hivyo tuma ndege mbili au zaidi.

Ndege za kushambulia ardhi ondolea ile kazi ya jumla inayowekwa yenyewe, uweke ya kutafuta ndani ya duara, mfano kilomita 3. Ukiiacha, zitaacha njia kufuata chochote zinachokiona. Na zuia kutupa mzigo, la sivyo zikifyatuliwa kombora moja mabomu yote yaanguka porini.

Kisauni
AWACS husema "bulzai 205 kwa 40". Ndiyo nini?

Mwana wa Kibokoni
Bulzai ni nukta ya kupimia iliyowekwa kwenye ramani. Tuseme ni daraja la Nyali. Elekea 205 kutoka darajani, maili 40 za bahari, wafika karibu na Wasini. Hesabu yaanzia darajani, si kwako. Ukitaka kutoka kwako, muulize AWACS adui wa karibu zaidi yuko wapi.

Kisauni
Na akisema hakuna kitu, kisha napigwa?

Likoni Kivukoni
Mlima uko kati yake na adui. Rada yake haipiti mwambani. Ukiruka bondeni, washa yako.