Slaidi za uvimbe wa titi zinarudi "seli hazisomeki", turekebishe nini?

Kliniki_Umoja: Hamjambo wadau. Hapa Umoja tunafyonza seli za uvimbe wa titi kwa sindano, tunatandaza kwenye slaidi, halafu bodaboda anazipeleka maabara ya mjini. Nyingi zinarudi zimeandikwa "zimekauka" au "damu tupu". Tunatumia sindano ya geji 21, sirinji ya mililita 10 na spiriti ya 70%. Mama wa watu anaitwa adungwe upya, na wengine hawarudi kabisa. Naombeni msaada.

Msomaji_Slaidi: Anzeni na spiriti. Ya 70% ni ya kupangusia ngozi. Ya slaidi ni ethanoli ya 95%, angalau dakika 15. Slaidi itumbukizwe ikiwa bado mbichi, ndani ya sekunde chache tu, kwa hiyo chupa iwe wazi kabla sindano haijatoka na msaidizi asimame kando yake. Seli ikikauka kwanza hutanuka, kiini huonekana kikubwa kuliko kilivyo na kromatini (nyuzi za urithi ndani ya kiini) hupauka. Hivyo viwili ndivyo tunavyotazama kutambua saratani, kwa hiyo msomaji makini hawezi kuamua. Andikeni jina kwa penseli. Wino huoshwa na spiriti.

Njeri_Lab: Damu inatokana na geji 21, ni nene mno. Chukueni 23 hadi 25, namba ikipanda sindano ni nyembamba zaidi. Na achieni mvuto wa sirinji kabla ya kuchomoa sindano, la sivyo seli zinapanda hadi kwenye sirinji na hazitoki tena. Damu ikionekana shingoni mwa sindano, acheni hapo hapo. Tone liwe dogo, slaidi ya juu iteleze bila kukandamizwa. Ukikandamiza, viini hupasuka na kuvutika kama nyuzi.

Slaidi za kutiwa rangi ya Giemsa ni kinyume: hizo zikaushwe upesi hewani. Zisisafiri sanduku moja na chupa ya fomalini (dawa ya kuhifadhia vipande vya nyama), mvuke wake huharibu rangi.

Kliniki_Umoja: Asanteni sana. Je, slaidi ikionyesha saratani, mgonjwa anaweza kuanza matibabu moja kwa moja?

Msomaji_Slaidi: Mpelekeni kwanza akatolewe kipande cha nyama kwa sindano nene. Slaidi haionyeshi kama saratani imeshatoka nje ya mirija ya maziwa. Pia daktari anahitaji kujua kama seli zina vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, pamoja na HER2 (protini inayochochea seli kukua), ndipo achague dawa. Kipande kiingie fomalini ya 10% iliyosawazishwa kwa bafa (kemikali ya kudhibiti asidi) ndani ya saa moja, kikae humo saa 6 hadi 72. Kikikaa muda mfupi zaidi, vipokezi vinaweza kusomeka havipo na mgonjwa akanyimwa dawa inayomfaa.

Njeri_Lab: Niongeze hili, tafadhali mlizingatie: uvimbe ukiwa mgumu, umeshikamana na ngozi au picha ya titi inatia shaka, jibu la "hakuna saratani" kwenye slaidi lisiwatulize. Huenda sindano ilipita kando. Kipande kitolewe vilevile.