Mama anauza omena kila siku, eti ana homa ya ini C?

Kifungua mimba: Wadau, hebu nisaidieni. Mama ana miaka 62, anauza omena Kibuye tangu nikiwa mdogo. Alfajiri saa kumi na moja yuko kwenye matatu na gunia lake. Juzi alipimwa damu kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho, akaambiwa ana homa ya ini C, basi. Maelezo hakuna. Ameikunja ile karatasi akaifunga kwenye pindo la leso pamoja na pesa za chama, anasema mgonjwa ni anayeumwa. Macho si ya manjano, hata busaa hajawahi kuonja. Inawezekana kweli?

Nesi mstaafu, Nakuru: Inawezekana sana. Aliwahi kuongezewa damu?

Kifungua mimba: Ndiyo, 1986 baada ya kunizaa. Chupa mbili. Kila Krismasi lazima atusimulie.

Nesi mstaafu, Nakuru: Huenda ni hapo. Kirusi chenyewe kilitambuliwa 1989, kwa hiyo mwaka ule hakuna maabara duniani ambayo ingekigundua. Na ini si jino, halikuamshi usiku. Linaweza kuharibika polepole miaka 20 au 30 mwenyewe akibeba magunia. Lakini msilie bado. Kipimo cha kwanza huonyesha kingamwili tu, alama kwamba kirusi kiliwahi kuingia. Karibu watu 30 kati ya 100 mwili hukifukuza wenyewe, na ile alama inabaki. Apimwe kirusi chenyewe. Kikiwepo, ni vidonge, mara nyingi vya wiki 12, na zaidi ya 95 kati ya 100 hupona kabisa. Una wadogo waliozaliwa baada yako? Nao wapimwe, ingawa wanaoambukizwa na mama ni wachache.

Boda wa Kondele: Tafadhali usimtengee sahani! Mimi nilijua nilipotoa damu. Shangazi alinipakia kikombe changu rangi ya kucha kwenye mkono, nyekundu, kisichanganyike na vya watoto. Nilishapona, kikombe bado ninacho. Haiambukizwi kwa chakula wala kukumbatiana. Wembe na mswaki ndiyo msishiriki.

Kifungua mimba: Asanteni. Wadogo ni wawili, wa 1989 na 1993, nitawapigia leo. Mama amekubali, ila anasema Jumatatu. Jumapili ni soko.