Peugeot 504: kompresheni ya silinda 3 na 4 iko chini, ni ringi?

Mdau_Igoma: Wakuu, habari za jioni. Peugeot 504 ya petroli, cc 1971, kabureta. Inatetemeka kwenye sailensi (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) na mlima wa Bugando hapa Mwanza inaupanda kwa shida. Fundi kapima kompresheni (shinikizo ndani ya silinda) injini ikiwa baridi, akitoa plagi moja moja: 110, 105, 70, 70 psi. Anasema ringi (pete za pistoni) zimekwisha, tufanye ovaholi. Mtandaoni naona watu wanataja 160 kwa injini nzima. Nikubali?

Spana17: Usikubali bado, kipimo hicho hakifai. Kwanza weka nafasi za tapeti (mwanya wa valvu) sawa injini ikiwa baridi: 0.10 mm upande wa kuingiza, 0.25 upande wa ekzosi. Valvu iliyobanwa haifungi, nayo hushusha kompresheni. Kisha ipashe moto hadi joto la kazi, betri iwe imejaa, chomoa waya wa swichi kwenye koili. Plagi za 504 ziko ndani sana, na mchanga hukusanyika humo. Puliza upepo kabla ya kuzilegeza, la sivyo uchafu utaangukia kwenye pistoni. Toa zote nne. Geji iwe ya mpira mrefu wenye nyuzi za milimita 14, ile ya kukandamiza kwa mkono haifiki. Mwenzako akanyage mafuta mpaka mwisho, choki imerudishwa, piga stata mpaka mshale uache kupanda. Kabureta ikiwa imefungwa injini haivuti hewa, namba zinadanganya.

Ziwani_Garage: Nyongeza: hiyo 160 ni ya pwani. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hapa 140 ni injini nzima. Tazama zaidi tofauti kati ya silinda. Ikizidi asilimia 15, tafuta sababu. Iliyo chini itie kijiko kimoja cha oili, upime tena. Injini hii imelazwa upande, kwa hiyo izungushe kidogo oili isambae. Oili huziba mwanya wa ringi kwa muda, kwa hiyo namba ikipanda sana ni ringi.

Mdau_Igoma: Asanteni. Nimerudia: 140, 135, 85, 85. Kwa oili 3 na 4 zimefika 90 tu.

Ziwani_Garage: Basi si ringi. Mbili zinazopakana kushuka sawasawa, shuku gasketi ya hedi (inayoziba kati ya hedi na bloku) imeungua katikati yao. Hakikisha: pistoni ya 3 iwe juu kabisa, valvu zote mbili zimefungwa, gia imeingia na breki ya mkono imevutwa, pulizia upepo wa kompresa. Ukitokea tundu la plagi ya 4, ni gasketi. Kwenye kabureta au ekzosi, ni valvu.

Spana17: Na fundi akitoa hedi, crankshaft isizungushwe mpaka slivu (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) zimebanwa kwa boliti na washa. Zimezungukwa na maji ya kupoza injini. Zikiinuka tu, sili za chini zinavuja na maji yanaingia kwenye oili. Hapo ovaholi utaifanya kweli.