Kutenga kumbukumbu wakati programu ya Fortran 77 inaendeshwa

Swali
Ndugu zangu, ninatunza programu ya kukokotoa msambao wa joto iliyoandikwa kwa Fortran 77, toleo la zamani la lugha ya programu ya Fortran. Matriki zake zimo ndani ya COMMON (eneo la kumbukumbu ambalo subrutini hulitumia kwa pamoja), na ukubwa wake umewekwa kwa PARAMETER (N=5000) katika faili moja ambalo kila subrutini huliingiza kwa INCLUDE. Nilipopandisha N hadi 20000, kila matriki ya N kwa N yenye namba za baiti 8 ilifika gigabaiti 3.2, na programu ikagoma kuunganishwa. Nikaongeza ALLOCATABLE huku safu zikibaki ndani ya COMMON, kompaila (programu inayotafsiri msimbo) ikakataa. Je, sina budi kuiandika yote upya?

Jibu la kwanza
Hapana. Kompaila imekataa kwa haki, kwa sababu mpangilio wa COMMON hujulikana kabla programu haijaanza, ilhali safu ya ALLOCATABLE, iliyoletwa na Fortran 90, hupewa nafasi programu ikiwa tayari inaendeshwa. Hamishia safu hizo kwenye MODULE (sehemu ya programu inayotunza data ya pamoja), weka USE ya kuiita moduli hiyo badala ya INCLUDE, juu ya tamko la IMPLICIT na matangazo mengine yote, kisha zitengee nafasi mara moja katika programu kuu baada ya kusoma N. Kabla ya hapo kagua kila COMMON, maana subrutini mbili zinaweza kuliita eneo lilelile kwa majina na maumbo tofauti, jambo lililofanywa sana zamani ili kubana kumbukumbu.

Jibu la pili
Subrutini zinazopokea safu kwa umbo la A(LDA,*), yaani bila kutaja ukubwa wa upande wa mwisho, ziache zilivyo. Zitapokea safu mpya bila tatizo. Ninachokusihi ni kuangalia thamani za mwanzo. Katika mifumo mingi COMMON huanza ikiwa imejaa sifuri, na programu nyingi za zamani zimeegemea hali hiyo ingawa kanuni za lugha hazikuiahidi kamwe. ALLOCATE, amri inayotenga nafasi, haisafishi chochote. Tumia pia STAT, sehemu ya ALLOCATE inayoonyesha kama imefaulu, ili nafasi ikikosekana programu yako itoe ujumbe unaoeleweka.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Nilianza na N=5000 ili nilinganishe na programu ya zamani, na matokeo yakatofautiana vibaya: matriki ya vyanzo vya joto ilikuwa ikijumlishiwa thamani bila kuwekwa sifuri kwanza. Nimeirekebisha, majibu yamelingana, na sasa N=20000 inaendeshwa.