Barcelona na mgongo wa Ter Stegen: kitambaa kiliwekwa rehani?

Wakuu, mimi ni Barcelona damu, kwa hiyo asije mtu hapa kusema nimetumwa na Madrid. Lakini lile la Agosti 2025, klabu ilivyomfanyia kipa wetu Ter Stegen, mpaka leo limenikaba kooni.

Ter Stegen alijiunga nasi 2014. Septemba 2024, mechi na Villarreal, akaruka kudaka mpira wa juu, kutua tu goti likaachia. Akatolewa kwa machela, nahodha wetu, tukiwa tunaongoza. Akauguza miezi na miezi. Goti limepona, mgongo nao ukagoma, na mwishoni mwa Julai 2025 akapasuliwa Bordeaux. Akawatangazia mashabiki kwamba atakuwa nje kama miezi mitatu.

Kumbe hiyo mitatu ndiyo ilikuwa kosa! Kwa kanuni za La Liga, ligi kuu ya Hispania, mchezaji akiwa majeruhi kwa zaidi ya miezi minne, klabu inaruhusiwa kutumia hadi asilimia 80 ya mshahara wake kuandikisha mwingine. Wakati huo kipa mpya Joan García alikuwa ameshanunuliwa kutoka Espanyol, yuko mazoezini, ila jina lilikuwa haliingii ligi kwa sababu ukomo wa mishahara uliwabana. Sasa wenye timu wakawa wanaomba mtu wao achelewe kupona. Umewahi kuona wapi?

Ripoti ya daktari ilitakiwa iende ligi, na haiendi bila saini ya mgonjwa. Jamaa akakataa kusaini. Wakamfungulia kesi ya nidhamu, na Agosti 7 wakamvua unahodha kwa muda, kitambaa akapewa beki Araújo. Kesho yake akasaini. Na kitambaa kikarudi. Siku moja!

García ni kipa mzuri, hata mimi ningempanga yeye, wala si hoja yangu. Najua pia watakuja wale wa "analipwa mamilioni, asaini tu". Ndugu zangu, ule mshahara ni wa kudaka mipira. Faili la hospitali ni lake. Na madeni yaliyowafikisha hapo hakuyakopa yeye, waliyakopa viongozi wa klabu waliokaa viti vya mbele.

Kama kweli ilikuwa utovu wa nidhamu, mbona ulifutwa na kalamu? Mwenye jibu aje, ila matusi akaache huko huko.