Telomia zikifupika ndiyo kuzeeka kwenyewe, au kuna mengine?

Mdadisi
Wakuu, kila mahali nasoma kwamba tunazeeka kwa sababu telomia, yaani ncha za kromosomu zinazobeba DNA yetu, zinafupika. Sasa seli nyingi za ubongo hazigawanyiki maisha yote. Zinazeekaje? Na kwa nini mwili usiwashe telomerasi, kile kimeng'enya cha kuzirefusha?

KromosomuTatu
Swali lako la kwanza lina uzito. Telomia ni herufi za DNA, TTAGGG, zinazojirudia maelfu ya mara kwenye ncha za kromosomu. Seli ikigawanyika, unakili wa DNA haufiki mwisho kabisa wa ncha, kwa hiyo jozi 50 hadi 200 hivi za herufi hupotea kila mara. Ndiyo maana seli za ngozi zikikuzwa maabara husimama baada ya kugawanyika mara 40 hadi 60, jambo alilolionyesha mwanabiolojia Hayflick mwaka 1961. Lakini panya wa maabara ana telomia ndefu kuliko zetu, na huishi miaka 2 au 3 tu! Telomia peke yake haitoshi.

Telomerasi huwaka kwenye seli zinazozalisha mbegu za uzazi na kwa kiasi kwenye seli shina, zile zinazozalisha seli mpya za mwili. Kuiwasha mwili mzima ni hatari: karibu asilimia 90 ya saratani huishi kwa kuiwasha.

Mitokondria
Naongezea la ubongo. Mitokondria, mtambo wa nishati ndani ya seli, ina DNA yake, jozi 16,569, na DNA hiyo imekaa jirani kabisa na mahali elektroni zinapovuja na kuzaa oksijeni kali, yaani aina za oksijeni zinazoharibu sehemu za seli. Seli isiyogawanyika hubaki na hitilafu zake, pamoja na protini zilizojikunja vibaya ambazo usafi wa ndani umeshindwa kuziondoa. Mfano wa wazi ni lenzi ya jicho: protini za kiini chake zilitengenezwa kabla hujazaliwa na hazibadilishwi kamwe. Hushikamana, lenzi hukakamaa, na kuanzia miaka 40 na kitu kusoma kwa karibu kunakuwa shida.

Tena, seli zilizosimama kugawanyika nyingi hazifi. Hukaa zikimwaga kemikali za uvimbe zinazodhuru jirani zake. Kwangu hizi ndizo za kutazamwa zaidi, maana panya walioondolewa seli hizo waliishi muda mrefu zaidi.

Mdadisi
Basi vidonge vya kuzuia oksijeni kali vitasaidia?

KromosomuTatu
Usivitegemee. Huko Finland wavuta sigara walipewa miligramu 20 za beta-karotini, kizuia oksijeni kali kinachopatikana kwenye karoti, kila siku. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 18. Isitoshe, oksijeni hiyo kwa kiasi kidogo ni ishara inayoamsha ukarabati wa seli, hata baada ya mazoezi.